Aliyekosa Hewa, Mbona Amekauka?

Jumamosi ya mwisho ya Septemba nilipanda Hiace ya Kibosho nikiwa na kazi moja tu: kufungua mfuko wa maharage wa mama mbele ya macho yake, ili nimshinde.

Kumshinda mama si maneno mazuri, najua. Lakini tulikuwa tumebishana tangu Julai. Mama ni mtu wa jivu. Maharage yakishapigwa na kupepetwa, yakaanikwa mpaka ukilitia jino moja linavunjika kwa mlio, anachekecha jivu la jikoni, anayachanganya, anafunga gunia, basi. Mwaka huu nikamletea kutoka mjini ule mfuko wa tabaka tatu, plastiki mbili ndani na kiroba cha kawaida nje. Nikamwambia habari za jivu ni za zamani. Humu hewa haiingii, wadudu watakosa pumzi, watakufa wenyewe.

Alinitazama tu. Tukafunga mafundo matatu, moja juu ya jingine.

Sasa tukayafungua. Maharage yalikuwa mazima, yanang'aa kama siku tuliyoyamimina. Juu yake walilala fukusi wachache, wamekufa. Mama akaokota mmoja, akamweka kiganjani, akamsaga kwa kidole gumba. Fukusi akawa unga.

"Ulisema wamekosa hewa?"

"Ndiyo, mama."

"Anayekosa hewa hufa mbichi. Huyu mbona amekauka kama pumba?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba mdudu yeyote akifa hukauka, akikaa wiki kadhaa ndani ya maharage makavu atakuwa hivyo hivyo, hata angekufa kwa homa. Mama hakubisha. Akachota maharage ya kiburu kwenye bakuli, akaingia jikoni.

Nilikuwa nimeshinda. Nilifika mjini jioni ile nikiwa na mkungu wa ndizi, maparachichi mawili, na swali lililokataa kushuka kwenye gari.

## Mlango mmoja

Jibu nililompa mama lilikuwa sahihi, na bado halikuwa jibu. Kweli, maiti ya fukusi haisemi alikufaje. Lakini na mimi nilijuaje? Niliposema "wamekosa pumzi" nilikuwa nafikiria mtu aliyefungiwa chumbani: mapafu, kifua kinapanda na kushuka, macho yanatoka. Fukusi hana hata kimoja kati ya hivyo, isipokuwa macho.

Nikaanza kusoma usiku, kwa simu, bando likiisha naahirisha. Nilichokuwa natafuta ni namna mdudu anavyokufa kwa kukosa hewa. Nilichokipata kwanza ni sentensi moja iliyonisimamisha: hakuna utando unaojulikana unaoruhusu oksijeni au kaboni dioksidi ipite vizuri huku ukizuia mvuke wa maji.

Isome tena polepole.

Maana yake ni kwamba kila kiumbe wa nchi kavu anayepitisha hewa anapoteza maji kwenye mlango ule ule. Chembe ya maji ni ndogo na nyepesi kuliko ya kaboni dioksidi, na ndani ya mwili au jani kumejaa unyevu wakati nje ni kukavu. Ukifungua ili hewa iingie, maji yanatoka. Ukifunga ili maji yabaki, unakosa hewa. Sisi wenyewe tumo: wapagazi wa Kilimanjaro wanawasisitizia wageni wanywe maji sana kwa sababu, pamoja na mengine, hewa baridi na kavu ya juu inaingia mapafuni kavu na kutoka ikiwa imejaa mvuke.

Kidato cha pili tulichora jani, tukaandika "stomata" kwa mshale, tukapata alama zetu mbili. Sikumbuki mtu yeyote akisema kwamba kupumua kuna bei.

## Rangi ya kucha

Jirani yetu wa Kibosho ni mwalimu mstaafu wa baiolojia. Jumamosi iliyofuata nikampitia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nasikia umemletea mama yako plastiki."

Habari za kijijini hazihitaji mtandao. Nilipomweleza swali langu akaniambia nisianze na mdudu, nianze na jani, kwa sababu jani halikimbii. Akaniuliza kama kuna mtu nyumbani ana rangi ya kucha isiyo na rangi.

Mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, alikuwa nayo. Tukapaka jani la mgomba kwa chini. Haikushika. Ile poda nyeupe iliyo chini ya jani la mgomba, ile inayobaki vidoleni, ni nta, na ndiyo inayofanya matone ya mvua yateleze. Nimeshika majani ya migomba maisha yangu yote, nimejifunika nayo mvua, sikuwahi kujiuliza poda ile ni ya nini. Ni koti. Bila nta jani lingevuja maji kila mahali, siyo mlangoni tu.

Tukahamia kwenye mkahawa. Tukapaka juu ya jani, tukapaka chini, tukasubiri ikauke, tukabandua kwa selotepu. Mwalimu bado ana heshima zake katika shule aliyofundisha, hivyo tukapewa hadubini kwa nusu saa. Ile ngozi ya juu ilikuwa tupu kabisa, kama ukuta. Ya chini ilikuwa imejaa midomo, zile stomata za kidato cha pili. Midomo midogo midogo, mingine imefumba, mingine imeachama, yote upande wa kivuli ambako jua halifiki moja kwa moja.

"Shangazi, yanapumua?" mpwa wangu akauliza.

Yalikuwa ni chapa ya rangi ya kucha tu, lakini nilimwelewa.

Kila mdomo una seli linzi mbili. Asubuhi mwanga ukifika, seli hizo huvuta potasiamu ndani, maji yanafuata potasiamu, zinavimba, na kwa jinsi zilivyoumbwa zikivimba hupinda na kuacha uwazi katikati. Udongo ukikauka, mmea hutengeneza asidi ya absisiki, na huo ndio ujumbe wa kuziambia seli zitoe potasiamu, zinywee, zifunge. Hakuna misuli wala neva. Ni maji yanayolinda maji.

Na bado uvujaji ni mkubwa. Katika kila lita 100 ambazo mizizi inavuta, zaidi ya 97 hutoka kama mvuke kupitia majani. Niliposoma hiyo mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji. Sehemu ya mvuke huo, kweli, inalipoza jani na kuvuta madini kutoka chini. Lakini nyingi ni nauli ya kaboni dioksidi tu.

## Saa nane mchana

Kuanzia siku ile macho yangu yaliharibika. Sikuweza kupita popote bila kuona mlango unafungwa.

Migomba, kwa mfano. Oktoba, saa nane, jua la utosini, tazama jani la mgomba: pande zake mbili zinashuka kama mbawa za kuku aliyechoka, tumbo kwa tumbo. Nilidhani ni uchovu. Kumbe midomo mingi iko chini, na jani likijikunja linapunguza jua linalolipiga na kukifungia kivuli kidogo cha unyevu katikati. Kule tambarare, kwenye mashamba ya chini, mahindi nayo yanajiviringisha kama sigara. Wazee wakiyaona hivyo saa nne asubuhi wanasema mwaka huu hakuna kitu. Wakiyaona saa nane na jioni yamekunjuka, hawana wasiwasi.

Mti wa mgrevilea umeng'aa fedha chini ya majani kwa sababu ya vinyweleo vinavyoishika hewa isikimbie na mvuke.

Lakini ulionikalisha chini ni mkonge.

Ukishuka na basi kuelekea Same hadi Korogwe unapita mkonge mpaka unauchoka. Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, asili yake Mexico, na hakuna aliyetuambia darasani kwamba mmea huo unaishi kinyume. Mchana, wakati mimea mingine imeachama, mkonge umefumba. Usiku kukiwa na baridi na hewa ina unyevu, unafungua, unaingiza kaboni dioksidi na kuihifadhi kwa njia ya asidi ya maliki. Kukicha unafunga mlango, kisha unaitoa akiba yako ndani kwa ndani na kuipikia kwa jua.

Nilipomsimulia mwalimu alisema neno moja: "Ndiva."

Wapare wanaelewa. Ndiva ni lile bwawa linaloachwa lijae usiku kutoka mferejini, asubuhi linafunguliwa kumwagilia, kwa zamu. Nimefikiria mfano bora zaidi wa mkonge nimeukosa. Vitabu vinakadiria kwamba mmea wa kawaida kama maharage au mkahawa hupoteza karibu chembe 400 za maji kwa kila chembe 1 ya kaboni dioksidi unayoikamata. Mahindi, yenye mbinu yake ya kuikusanya kaboni dioksidi hata mlango ukiwa nusu wazi, karibu 150. Wenye ndiva, karibu 50. Nanasi limo kwenye kundi hilo. Bei wanayolipa ni kwamba akiba ya usiku mmoja ina kikomo, kwa hiyo wengi wao hukua taratibu.

Haya yote yalikuwa matamu, na sikuwa nimemjibu mama.

## Mdudu hana pua

Fukusi anapumua kwa mbavu. Ubavuni mwake kuna safu ya matundu, na kila tundu linaingia kwenye mirija inayoitwa trakea, inayogawanyika na kugawanyika mpaka inagusa karibu kila seli. Damu yake haibebi oksijeni kama yetu. Hewa inafika yenyewe, ikiwa hewa. Ni mpango wa maana, kwa sababu oksijeni husambaa hewani takriban mara 10,000 haraka kuliko ndani ya maji.

Ila mpango huo unaleta jangwa mpaka ndani ya mwili. Kiumbe mdogo ana ngozi kubwa ukilinganisha na ujazo wake, kama vile nguo ndogo inavyokauka upesi kuliko blanketi. Fukusi alipaswa kukauka ndani ya siku chache.

Anajikinga mara mbili. Kwanza, nta mwilini mzima, nyembamba kuliko chochote unachoweza kukiona, kama ya jani la mgomba. Pili, matundu yenye vifuniko na misuli. Mwaka 1934 Kenneth Mellanby alionyesha kazi ya vifuniko hivyo kwa ujanja rahisi: aliwawekea wadudu kaboni dioksidi kidogo hewani, jambo linalolazimisha matundu yakae wazi. Wakaanza kukauka kwa kasi. Mwaka uliofuata J. A. Ramsay alipasha mende joto, akaona kwamba kufika kiwango fulani maji yanaanza kutoka kwa wingi ghafla. Nta ilikuwa imelegea.

Nta ikiharibika, mdudu amekwisha, hata kama hewa ipo tele.

Hapo nikaacha kusoma. Nikaenda kusimama dirishani. Nadhani mmeshaona ninakoelekea, lakini mimi ilinichukua muda, kwa sababu nilikuwa na miezi miwili ya kiburi mbele yangu.

Jivu.

## Naomba radhi, sehemu ya kwanza

Miaka yote nilidhani jivu linawaziba wadudu pua, au linawachukiza kwa harufu. Mjomba mmoja alikuwa akisema linawaunguza. Mwaka 1945 V. B. Wigglesworth, Mwingereza aliyetumia maisha yake kuchunguza miili ya wadudu, alieleza kinachotokea mdudu anapotembea juu ya vumbi gumu lililosagwa laini: chembe zinamkwaruza nta. Yeye mwenyewe, kwa kutembea kwake, anajisugua koti mpaka linatoboka, na maji yanaanza kutoka kwenye mikwaruzo. Mdudu aliyetulia hapati madhara yale. Anayehangaika ndiye anayekauka. Aina nyingine za vumbi hazikwaruzi sana, zinaifyonza ile nta. Jivu la kuni lina tabia zote mbili kiasi, na zaidi ya hapo linajaza nafasi kati ya punje na punje, hivyo fukusi hapiti bila kupakaa.

Kwa hiyo jivu la mama halikuwa linawaua wadudu kwa pumzi. Lilikuwa linawakausha.

Linataka kuwa kavu, linataka kuchekechwa, na linataka kuwa jingi kuliko wanavyodhani wavivu. Mambo matatu ambayo mama huyasema kila Julai na mimi huyaita kelele.

(Kitu kidogo pembeni. Jivu la migomba lina potasiamu nyingi, ndiyo maana wazee walilichuja wakapata magadi. Potasiamu ni ile ile inayofungua midomo ya majani. Sina la kufanya na jambo hili, ila nilifurahi nalo siku nzima.)

## Naomba radhi, sehemu ya pili

Ukabaki mfuko. Huu angalau ulikuwa wangu. Hewa haiingii, wadudu wanakosa hewa, hadithi imekwisha.

Lakini fikiria fukusi anaishi wapi. Yumo ndani ya harage lililoanikwa mpaka linalia. Hanywi. Hajawahi kuona tone. Maji yake anayapata wapi?

Sehemu yapo kwenye chakula, kidogo. Sehemu nyingine anayatengeneza. Wanga ukichomwa mwilini pamoja na oksijeni hutoa nguvu, kaboni dioksidi na maji: gramu 1 ya wanga hutoa zaidi ya nusu gramu ya maji, na gramu 1 ya mafuta hutoa zaidi kidogo ya gramu 1. Sisi tunayapata pia, ila kwetu ni kidogo mbele ya yale tunayokunywa. Kwa fukusi hiyo ndiyo bomba ya nyumba.

Na bomba hiyo inaendeshwa kwa oksijeni.

Mifuko hii ya tabaka tatu ilianza Cameroon miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde, kazi ya Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue na wenzake. Ilifanya kazi kwa miaka mingi huku watu wakisema nilichosema mimi: wanakosa pumzi. Mwaka 2012 Murdock na wenzake wakachapisha matokeo ya kuwachunguza wadudu wa kunde, ndugu wa hawa wetu wa maharage, wakiwa kwenye oksijeni haba. Mdudu hafi papo hapo. Anaacha kula, anatulia, anaweza kuvumilia siku kadhaa. Ukimrudishia hewa mapema, anaendelea na maisha. Ila kwa muda wote huo hatengenezi maji, au anatengeneza kidogo mno, huku mwili ukiendelea kuvuja. Na hewa ikiwa haba, kaboni dioksidi ikiwa nyingi, matundu yake hukaa wazi badala ya kufumba.

Anakufa kwa kiu.

Niliisoma saa sita usiku, umeme umekatika, simu ina asilimia 9. Nilicheka peke yangu gizani. "Huyu mbona amekauka kama pumba?"

Sitaki kusema mama alijua. Hakujua, na fukusi aliyemsaga hakuthibitisha chochote, kama nilivyomwambia. Ila aliuliza swali ambalo mimi niliyesoma nilikuwa nimelifunga kwa neno "pumzi", nikaweka mafundo matatu juu yake.

## Niliyemdanganya

Katikati ya furaha hiyo nilifanya kosa jingine.

Mpwa wangu alikuwa ananiuliza kila siku kuhusu "wadudu na midomo yao". Nami nilikuwa nimesoma juu ya pupa (mdudu aliyejifunga na kutulia kabla hajawa nondo kamili) wa nondo mkubwa wa Marekani, cecropia, ambao Howard Schneiderman na Carroll Williams waliwachunguza miaka ya 1950. Pupa hawa hawapumui mfululizo. Hufunga matundu yote kwa muda mrefu. Oksijeni iliyo ndani inatumika, kaboni dioksidi haitoki, inayeyuka kwenye damu, hivyo shinikizo ndani ya mirija linashuka. Kisha vifuniko huanza kupepesa kidogo kidogo, na kwa kuwa ndani kuna upungufu, hewa huvutwa kuingia, kinyume na mvuke unaotaka kutoka. Mwisho kaboni dioksidi inajaa, matundu yanafunguka wazi, inatoka yote kwa mkupuo, na mzunguko unaanza upya. Kwa pupa aliyelala, mkupuo mmoja hadi mwingine zinaweza kupita saa nyingi.

Nikamwambia: mdudu anabana pumzi ili asipoteze maji. Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayejua. Akaandika kwenye daftari.

Siku nne baadaye nikaendelea kusoma, na ardhi ikateleza.

Katika wadudu wengi maji mengi hutoka kwenye ngozi, siyo kwenye matundu. Ukiziba tundu dogo kwenye tangi linalovuja kote, umeokoa nini? Halafu wapo wadudu wa nchi kavu sana wasiobana pumzi kabisa, na wapo wa mahali penye unyevu wanaobana. Wengine wakizidiwa na ukavu, wakati ambapo ungetegemea wabane zaidi, huacha.

Mwaka 2005 Stefan Hetz na Timothy Bradley wakaja na wazo lililogeuza jambo zima. Waliwachukua pupa wa nondo wa Asia, Attacus atlas, wakabadilisha kiasi cha oksijeni nje, wakapima ndani ya mirija. Wakati wa ule mpepeso, ndani ilibaki na oksijeni kidogo ile ile, karibu moja ya tano ya ile ya hewa ya kawaida, hata nje ikiwa nyingi. Kana kwamba mdudu hafungi ili maji yasitoke. Anafunga ili oksijeni isiingie kupita kiasi, maana oksijeni ikizidi huchoma tishu. Mirija ile imejengwa kwa ajili ya kazi nzito. Mdudu akilala, inaleta zaidi ya mahitaji.

Basi nikageuka upande huo. Kwa wiki moja nilikuwa mfuasi wa Hetz na Bradley, nikimsimulia kila aliyekaa karibu nami kwenye daladala ya Majengo.

Kisha nikakuta kazi ya mwaka 2007 ya Craig White na wenzake, waliolinganisha aina nyingi za wadudu: wanaotoka sehemu kavu na zenye joto huelekea kuwa na mizunguko mirefu zaidi ya kubana pumzi. Na mwaka 2012 Natalie Schimpf na wenzake wakaonyesha kwamba mende wanaopumua kwa mikupuo waliishi muda mrefu zaidi wakinyimwa chakula na maji kuliko wenzao wanaopumua mfululizo. Maji yakarudi mezani. Wapo pia wanaosema haina faida yoyote maalumu, ni kinachotokea tu ubongo wa mdudu unapopunguza kazi.

Yote yanaweza kuwa kweli kwa kiasi, kwa wadudu tofauti. Ndipo wasomi walipo, wanabishana kwa adabu kwa zaidi ya miaka 60.

Nikampigia mpwa wangu.

"Ile sentensi ya mdudu kubana pumzi ili asipoteze maji, ifute."

"Shangazi, nimeandika kwa peni."

"Basi ongeza 'labda'."

Kimya kidogo. "Mwalimu hatatia vema penye labda."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia aweke labda yake kwa penseli, juu ya mstari, herufi ndogo.

## Tundu la sindano

Jumamosi iliyopita nilipanda tena Kibosho. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha usiku, migomba imekunjuka, mfongo, mfereji wetu wa maji, unapita na sauti. Nilimkuta mama anachambua mchicha. Nikamsalimia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia kila kitu: nta, mikwaruzo, bomba ya maji inayoendeshwa na oksijeni. Nilimwambia fukusi wa mfuko alikufa kwa kiu, siyo kwa pumzi.

Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo jivu na mfuko ni kitu kimoja."

"Si kimoja, mama. Jivu linamvua koti, mfuko unamfungia bomba."

"Lakini wote wanakauka."

"Wote wanakauka."

Akaweka mchicha pembeni. "Njoo uone."

Tukaingia stoo. Kuna mfuko wa pili nilioleta Julai, wa mahindi kutoka shamba la chini. Mama alikuwa ameshalegeza kiroba cha nje. Akamulika kwa tochi ya simu, akanionyesha kwenye plastiki ya kwanza: tundu. Dogo, la mviringo, kama la sindano ya kushonea magunia. Likafuatiwa na jingine kwenye plastiki ya ndani. Nikaweka sikio. Ndani kulikuwa na mlio mwembamba, kama mchanga unaomwagwa taratibu.

Dumuzi. Mdudu aliyetoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo hajaacha ghala. Anatoboa mti mkavu, sembuse plastiki. Alikuwa ameingia na mahindi, akafungiwa, na kabla oksijeni haijamwishia akajitengenezea mlango wake.

Nilianza kueleza kwamba mahindi yangekaushwa zaidi, kwamba yangechekechwa kwanza kuondoa waliokwisha ingia, kwamba mfuko haupaswi kugusa ukuta. Mama alikuwa ameshatoka. Akarudi na chekeche, ndoo ya jivu, na selotepu ile ile tuliyobandulia rangi ya kucha.

"Shika hapa," akasema.

Nikashika.